Chajio na Tamthilia: Nani Mwenye Nyumba?



Niruhusu nikuulize jambo la ndani ya nyumba yako, wala usiniwekee kinyongo. Jana usiku mlipokula, ni nani aliyekuwa akizungumza?

Usifanye haraka kunijibu. Nyumba zetu nyingi siku hizi zimejiwekea desturi moja. Chakula cha usiku hupikwa kwa hesabu ya saa ya tamthilia. Mkeka hutandikwa kuelekea televisheni, sinia likawekwa katikati, na watu wakala mkono ukienda penyewe na macho yakiwa kwingine. Wako wanaosema hii ni neema, kwani angalau watu wa nyumba moja wamekaa pamoja. Wako wanaosema huu ni msiba. Nataka mimi na wewe tulipime jambo hili kwa mizani ya dini na ya akili. Ni jambo dogo ukilitazama, lakini hufanyika kila siku, na lifanyikalo kila siku ndilo lijengalo nyumba au liibomoalo.

Mimi nililiona wazi zaidi nilipokuwa mbali na pwani. Nilikwenda Nyanda za Juu Kusini, nikakaa Mbeya kwa jamaa zetu waliohamia huko miaka mingi, kisha wakati wa kurudi nikashukia Iringa kwa jamaa wengine. Miji hii yote miwili iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuliozoea joto, mwezi wa sita na wa saba huko hututia adabu. Baridi yake haikuachi ukae nje baada ya Magharibi. Baraza, ambayo kwetu ndiyo shule, na ndiyo mahakama, na ndiyo gazeti, huko hufungwa na jua likifungwa. Watu huingia ndani mapema na milango ikashindikwa.

Zamani kilichowakusanya humo ndani kilikuwa ni moto. Wazee wa huko watakwambia kwamba chungu cha maharage kilikawia kuiva, na katika kukawia kwake ndimo zilimopita hadithi, vitendawili na nasaba za watu. Zanzibar ilipata televisheni yake mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Kwa hivyo mtu wa Iringa mwenye umri wa miaka 50 leo, utoto wake wote ameupitisha mbele ya moto. Watoto wake wamelelewa mbele ya kioo.

Na tofauti ya vitu hivi viwili ni hii: moto ulikuwa na mwanga na ulikusanya watu, na televisheni nayo ina mwanga na inakusanya watu. Lakini moto ulinyamaza ukawaacha watu waseme. Televisheni husema ikawataka watu wanyamaze.

Jamaa zangu wa Mbeya hawakuacha kupika kipwani. Wali wao ni wa mchele wa Kyela, ambao harufu yake hukupokea mlangoni kabla ya mwenyeji. Ndizi zao ni za Tukuyu. Nazi ikiwa ghali, mchuzi hutiwa karanga, na wallahi si mbaya. Lakini nilishangaa kuona kuwa siku nyingine samaki wapo na hawapikwi. Nilipouliza, mama wa nyumba alicheka akanambia, "Leo kuna tamthilia, shemeji. Samaki anataka macho." Kweli, samaki ana miiba, na mwenye kutazama pengine hawezi kutoa miiba. Siku za tamthilia hupikwa kitu cha kumezwa bila kutazamwa. Nami nilicheka, nikaona ni hekima ya mapishi. Sikujua kuwa neno lile litanirudia.

Kuna na jambo la Sala, ambalo wenzetu wa pwani huenda hawalihisi. Dunia huzunguka digirii moja kila dakika 4, na Mbeya iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu digirii 6. Kwa hivyo jua la Mbeya huchelewa kutua kwa dakika 20 na zaidi, na la Iringa kwa kiasi cha dakika 14. Lakini kituo cha televisheni hakijui jua. Saa 2 usiku ya Dar es Salaam ndiyo saa 2 usiku ya Mbeya. Mtu wa pwani huwahi kusali Isha, akala, kisha akakaa kutazama, akadhani ameupanga usiku wake kwa uchaji Mungu. Kumbe amepangiwa na mahali alipo. Akihamia Mbeya na desturi zake zile zile, ataona kuna miezi ambayo adhana ya Isha na mwanzo wa tamthilia vinagongana mlangoni. Hapo ndipo hujulikana ni kipi alichokuwa akikipa nafasi na ni kipi kilichokuwa kikipata nafasi kwa bahati.

Sasa nitakueleza usiku mmoja, na katika usiku huo mimi mwenyewe ni mmoja wa wakosa.

Tulikuwa kwenye sinia. Tamthilia ilikuwa ya Kituruki, iliyotiwa sauti za Kiswahili, na usiku ule palikuwa na msichana anayedanganywa na mtu mwenye gari. Sote tulimhurumia, na mama wa nyumba akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Binti yao, mtoto wa miaka 14, akasema, "Baba, nina neno." Baba yake, mtu mpole asiyepiga wala kutukana, akamwambia, "Ngoja matangazo, mwanangu." Matangazo yalipokuja, baba akashika simu yake. Mtoto akasema tena, na mara hii aliyemjibu ni mimi mgeni: "Ngoja kidogo, mama, tumuone huyu atafanyaje." Mara ya tatu hakusema. Alikusanya vyombo akaenda jikoni.

Siku nane baadaye jambo likajulikana. Mwenziwe aliyekuwa akirudi naye kutoka shule alikuwa amehama mtaa, na kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akimfuata njiani. Kwanza alimpa lifti na zawadi, na alipozikataa akamtolea vitisho. Mwalimu wake ndiye aliyetambua kuwa mtoto ana hofu. Alhamdulillahi, halikufika pabaya. Lakini baba yake aliponiuliza, "Kwa nini mtoto hakutwambia?" sikuweza kumtazama usoni. Alitwambia. Sisi tulikuwa tukimlilia msichana wa kwenye kioo, na msichana wetu tumemwacha aende kuosha vyombo.

Nikalikumbuka lile neno la samaki. Samaki anataka macho. Na mtoto je?

Ndugu msomaji, tuitazame Sunna. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Umar bin Abi Salama (r.a.) kwamba alipokuwa mtoto katika malezi ya Mtume (s.a.w.), mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku ndani ya chombo cha chakula. Mtume akamfunza mambo matatu: alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar akasema kuwa tangu siku ile huo ndio ulaji wake. Hadithi hii tumeisoma sote chuoni, na sote twaijua kwa yale mambo matatu. Lakini liko jambo la nne ambalo halikutamkwa: Mtume aliuona mkono wa mtoto. Mafunzo yale yaliyodumu umri mzima yalianza kwa jicho la mlezi kuwa kwenye sinia. Lau jicho lingekuwa kwingine, mkono ungeendelea kuzunguka na asingekuwapo wa kuuona.

Kadhalika imepokewa katika Abu Daud kwamba watu walimshitakia Mtume (s.a.w.) kuwa wanakula na hawashibi. Akawauliza iwapo huenda wanakula mbalimbali, wakakubali. Akawaamuru wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, na hapo watatiliwa baraka. Sasa tujiulize: watu sita waliokaa bega kwa bega, kila mmoja akimtazama mtu wa saba asiyekuwapo, hao wamekusanyika au wako mbalimbali? Miili imekusanyika, hilo silikatai. Na Qurani, katika Suratun Nur aya ya 61, imetuondolea uzito: kula pamoja si dhambi, na kula mbalimbali si dhambi. Sisemi basi kuwa mwenye kula akitazama ana dhambi. Nasema ana hasara, na hasara yenyewe hujificha, kwani mtu hudhani amekula na watu wake.

Huenda ukaniambia, "Basi dawa ni moja: itolewe nyumbani." Ukiweza, na watu wako wakaridhika, ni khiari yako, na ninakuheshimu. Lakini usidhani kuwa dini yetu imechukia watu wa nyumba moja kutazama kitu pamoja. Wahabeshi walipokuwa wakicheza kwa mikuki yao msikitini Madina, Mtume (s.a.w.) alimsimamia bibi Aisha (r.a.) akimsitiri kwa shuka yake ili atazame, wala hakuondoka mpaka alipochoka bibi Aisha mwenyewe. Na iko hadithi ndefu ya Ummu Zar', ya wanawake kumi na moja waliokaa wakasimulia habari za waume zao, kila mmoja kwa fumbo lake. Bibi Aisha aliisimulia yote, na Mtume, mwenye kazi za umma mzima mabegani, akaisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mkewe kuwa yeye kwake ni kama Abu Zar' alivyokuwa kwa Ummu Zar'.

Zingatia mambo mawili katika visa hivi. Katika cha kwanza, Mtume alisimama kwa ajili ya aliye pembeni yake; mchezo ulikuwa ni njia ya kumfurahisha mkewe. Katika cha pili, hadithi ilipokwisha haikuachwa ikapotea hewani. Iligeuzwa ikawa neno baina ya mume na mke. Huu ndio ufunguo wa mas-ala yetu. Hadithi inayotazamwa pamoja huwa na kheri pale inapowarudisha watu kwenye nyuso zao wenyewe.

Na ushahidi wa haya tunao hapa kwetu. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa redio uitwao "Twende na Wakati". Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye hawara katika kila kituo, na mkewe Tunu aliyeachwa nyumbani na watoto. Mkwaju aliishia kupata UKIMWI. Mbeya na Iringa ziko juu ya barabara kuu ya malori yaendayo Zambia, na ni miongoni mwa sehemu za nchi zilizoumizwa sana na maradhi hayo. Watu wa huko hawakuwa na haja ya kuelezwa Mkwaju ni nani. Walikuwa wakimjua kwa sura. Waliouchunguza mchezo ule walikuta kwamba wasikilizaji walizungumza na wake zao na waume zao juu ya mambo ambayo kabla yake hawakuyataja. Faida ilipatikana katika mazungumzo yale baada ya redio kunyamaza.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu haya zetu ni nyingi, na haya ni katika imani. Mtoto hawezi kumwambia baba yake, "Mwenendo wako unatutisha." Lakini aweza kusema, "Yule Mkwaju hana huruma." Mama hawezi kumwambia binti yake kila kitu kwa mara moja, lakini aweza kumuuliza, "Wewe ungekuwa yule msichana ungefanyaje?" Tamthilia ni kama pazia; nyuma yake watu husemezana yale ambayo uso kwa uso yangewaka moto. Sasa fikiri usiku ule wa Mbeya. Mtoto aliona pazia limefunguka. Msichana wa kwenye kioo alikuwa anadanganywa kama alivyokuwa akidanganywa yeye, na moyo wake ukapata ujasiri wa kusema. Mlango ulikuwa wazi, nasi tuliufunga kwa neno moja: ngoja.

Iringa niliona desturi nyingine, nami nitakueleza bila ya kuipamba. Katika nyumba ile mzee ndiye mkubwa, na mzee mwenyewe anaipenda tamthilia kuliko wajukuu zake. Alinieleza kuwa kuna usiku mmoja alisali Isha mbio mbio hata hakujua amesali rakaa tatu au nne, na aliposimama kuirudia ile Sala ndipo alipojionea aibu. Akakumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) alituelekeza, chakula kikisha kuletwa na Sala ikakimiwa, tuanze na chakula, ili moyo usiwe kwenye sinia na mwili kwenye mswala. Mzee akasema, "Ikiwa wali wa halali haukuachiwa uushughulishe moyo wangu ndani ya Sala, je, hiki kioo?"

Tangu hapo pakawa na mpango. Chakula huliwa televisheni imezimwa. Husaliwa Isha, kwa jamaa. Kisha ndipo huwashwa, ikiwa mwanzo umepita au haukupita. Wakikosa mwanzo, mjukuu aliyeuona kwa jirani huwasimulia, na mzee anasema usimulizi wake mara nyingi ni mtamu kuliko tamthilia yenyewe. Ikimalizika, huzimwa pale pale, kabla ya nyingine kuanza, na mzee huuliza swali moja tu. Usiku nilipokuwapo aliuliza, "Yule mama amekosea wapi?" Tulibishana nusu saa. Kijana mmoja aliyekaa kimya wiki nzima, kama nilivyoambiwa baadaye, alisema maneno usiku ule ambayo baba yake aliyachukua akaenda kuyafikiri.

Najua pia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha, lakini wanavyuoni wametoa humo mazungumzo ya kheri, na Imamu Bukhari ameweka mlango makhsusi wa mazungumzo ya usiku pamoja na mgeni na watu wa nyumbani. Muradi yasiiue Alfajiri.

Jambo jingine la Iringa ni la mwenye kupika. Katika nyumba nyingi yule aliyesimama jikoni tangu Alasiri ndiye asiyeiona tamthilia; anatia mchuzi, anarudisha chupa ya chai, anaulizia huku, "Amemuoa? Hakumuoa?" Tunaita hiyo starehe ya nyumba nzima, na mmoja ndiye mtumishi wake. Katika nyumba ya mzee, hakiwashwi kitu mpaka mpishi ameketi, na vyombo huoshwa na vijana wa kiume. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na Sala ikifika hutoka akaenda. Tuone haya kudai tunamfuata Mtume tukiwa tumekaa, na wake zetu wamesimama.

Na khasa nimalizie kwa neno la leo. Zamani wazee wetu waliogopa kuwa televisheni itawanyamazisha watu wa nyumba. Leo kila mtu ana simu yake, na kila mtu ana tamthilia yake, kila mmoja na pembe yake ya nyumba. Kule kukaa wote mbele ya kioo kimoja kumekuwa nako ni jambo la kukumbukwa kwa hamu. Kwa hivyo simwambii mtu akivunje kikao hicho. Akikiweka, akiweke vizuri. Chajio na tamthilia viwe majirani, visiwe wake wenza: kila kimoja kiwe na saa yake na heshima yake. Na yakija yale ya kumfanya baba apatwe na kikohozi cha ghafla na kijana atoke kwenda kutafuta maji, ujue kuwa hicho si cha kutazamwa na watu wa nyumba moja, na pengine si cha kutazamwa kabisa.

Zaidi ya yote, neno "ngoja" tulifanyie hesabu. Kioo kinaweza kungoja. Siku hizi tamthilia ya jana utaipata kesho na kesho kutwa. Mtoto aliyekusanya ujasiri wa kusema neno moja hana marudio. Akisema, zima. Kama hukuzima jana, zima leo, umuite, umuulize alitaka kusema nini. Huenda akakwambia ni kitu kidogo tu. Msikilize kidogo hicho.

Yule baba wa Mbeya aliniandikia. Ananiambia tamthilia bado wanaitazama, na siku ya tamthilia sasa hupikwa samaki.

Mwenyezi Mungu atujaalie wake zetu na watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, na macho yetu yawe kwao. Amin.